Mashine ya kupima pH ikitembea shambani: dalili, chanzo na la kufanya

Mashine inayopima tindikali (pH) ya udongo huku ikivutwa na trekta haisimami ovyo. Kinachosumbua ni kwamba inaweza kuendelea kufanya kazi siku nzima ikitoa namba za uongo, na ramani ya uongo yenye rangi nzuri huagiza chokaa ya kupunguza tindikali sawasawa na ramani ya kweli. Mwongozo huu ni wa dereva au fundi aliyeko shambani, ana namba asizozielewa kwenye skrini, na anataka kujua aanzie wapi.

Mashine zinazozungumziwa ni za aina ya ile inayotengenezwa na Veris Technologies ya Salina, Kansas, inayotumia njia iliyofanyiwa utafiti Chuo Kikuu cha Purdue mwishoni mwa miaka ya 1990. Zimezoeleka zaidi katikati ya Marekani, kwenye mashamba ya mahindi, soya na ngano, na mifano hapa ni ya huko. Kitabu cha mashine yako kikisema tofauti kuhusu kipimo fulani, fuata kitabu.

Mzunguko mmoja wa kazi uko hivi. Silinda ya haidroliki inashusha kiatu cha kukatia udongoni. Udongo unaingia mdomoni mwa kiatu na kujaza mfereji wake, na ule wa zamani unasukumwa nje kwa nyuma. Kiatu kinanyanyuka na kulibana donge la udongo kwenye ncha za elektrodi mbili (vihisio vya pH) za antimoni, aina ya metali, zinazotazama chini. Kompyuta inasubiri namba itulie, sekunde chache tu ikiwa mambo ni mazuri na hadi 20 hivi yakiwa magumu, inarekodi, kisha kiatu kinashuka tena na pua za maji zinaosha ncha. Maji hayachanganywi na udongo kama inavyofanywa maabara. Unyevu wa udongo wenyewe, pamoja na utando mwembamba wa maji ya kuoshea, ndio unaounganisha udongo na elektrodi. Hapo ndipo matatizo mengi yanapoanzia.

Kwa hiyo kagua kwa mpangilio huu: udongo, maji, elektrodi, waya, halafu kompyuta. Watu wengi huanza mwisho. Wanazima na kuwasha kompyuta mara nne, wanabadilisha mipangilio iliyokuwa sahihi, na wakati huo wote mchawi ni pua ya maji iliyozibwa na chembe ya kutu.

Namba ni moja karibu shamba zima

Skrini inaonyesha 7.1, 7.0, 7.1, 7.2, na unajua shamba lina sehemu za kichanga na mabonde. Shamba la namna hiyo halikosi kutofautiana. Karibu kila mara maana yake ni kwamba elektrodi hazigusi udongo. Zinasoma maji ya kuoshea yaliyobaki kwenye ncha.

Simamisha trekta kiatu kikiwa juu, zima injini, angalia donge lilivyokaa. Linatakiwa kuwa limejaa mpaka juu ya mfereji, limeshikana, na lina alama mbili za duara pale ncha zilipogandamiza. Alama ikiwa moja tu, elektrodi nyingine iko juu mno au donge limeinama. Zisipokuwepo kabisa, mfereji haujazi. Ikiwa mfereji una udongo lakini ni vumbi lililolegea, linalomwagika ukiligusa kwa kidole, shamba ni kavu mno na hakuna mpangilio wa kompyuta utakaolitibu. Subiri mvua, au ongeza kina ufikie tabaka lenye unyevu, kisha uandike kina hicho kipya kwenye kumbukumbu za shamba.

Kipimo cha haraka cha unyevu: chukua udongo wa kina kilekile, ufinyange kiganjani. Ukishikana na kuacha alama za vidole, endelea. Ukivunjika mara tu unapofungua mkono, namba zitayumba. Ukitoa maji au kunata kama ugali mbichi, utaziba mfereji.

Namba ikiganda kwenye kiwango kisichowezekana, kama 2 au 13, hapo si udongo tena. Waya umekatika, soketi imejaa maji, au elektrodi imekauka. Ruka uende kwenye sehemu ya waya.

Elektrodi mbili hazikubaliani

Hii ndiyo dalili yenye faida kuliko zote, na ndiyo sababu mashine ina elektrodi mbili. Elektrodi moja ikidanganya peke yake, hakuna wa kuisuta. Usiizime moja ili skrini itulie. Kufanya hivyo ni kumfukuza shahidi.

Kanuni ya kazi inayofaa: ndani ya bafa, yaani kimiminika chenye pH inayojulikana, zisipishane zaidi ya 0.2, na kwenye udongo zisipishane zaidi ya 0.5 mfululizo. Mara mojamoja zikipishana kwa zaidi ya hapo si hoja, kwa kuwa chembe ya chokaa ya mwaka juzi au kipande cha bua kinaweza kugusa ncha moja. Tazama mwenendo wa vipimo 20 hivi kabla ya kuamua.

Tofauti ikiwa ya kudumu, kwamba moja daima iko juu ya mwenzake kwa 0.6, fanya hivi:

1. Osha ncha zote kwa brashi laini na maji safi. Udongo wa mfinyanzi hujenga ganda jembamba kuzunguka ncha, hasa pale kwenye tundu dogo la rejea ambapo elektrodi hukamilisha mzunguko wake wa umeme. Jicho linaweza lisilione, kucha italihisi.

2. Weka zote mbili ndani ya kikombe kimoja cha bafa ya 7, kisha cha bafa ya 4. Zikikubaliana ndani ya bafa lakini si kwenye udongo, elektrodi ni nzima. Tatizo ni jinsi donge linavyozigusa. Pima urefu wa ncha kutoka kwenye mabano yake kwa rula. Ncha moja ikiwa juu kuliko nyingine kwa milimita 2 au 3, inagusa tu wakati mwenzake anagandamizwa sawasawa.

3. Zisipokubaliana hata kwenye bafa, badilishana nafasi: ya kushoto ipeleke kulia na ya kulia kushoto, pamoja na kuzichomeka kwenye soketi za nafasi mpya. Ubaya ukihama na elektrodi, elektrodi ndiyo mbovu. Ubaya ukibaki upande uleule, ni waya, soketi au saketi ya kipimo. Zoezi hili huchukua dakika tano na huokoa pesa ya elektrodi isiyo na kosa.

Tofauti ikiwa ya kuja na kuondoka, hasa trekta inapopita kwenye matuta, tikisa waya. Acha elektrodi zitulie ndani ya bafa, mtu mmoja atazame skrini, mwingine apinde waya kipande kwa kipande kuanzia kwenye elektrodi hadi kwenye sanduku. Namba ikiruka, umepata mahali. Waya hizi hubeba milivolti. Unyevu kidogo tu ndani ya soketi unatosha kuvujisha ishara. Kausha kwa hewa, safisha kutu ya kijani kwenye pini, paka grisi ya vifaa vya umeme, na elekeza mdomo wa soketi chini ili maji ya kuoshea yasitulie ndani.

Kalibresheni inakataa

Kalibrisha, yaani linganisha mashine na bafa, asubuhi kabla ya kuingia shambani, na rudia ukibadilisha elektrodi au ukianza kuona namba za mashaka. Bafa za pH 4 na 7 zinatosha kwa udongo mwingi unaohitaji chokaa.

Kinachopimwa hasa ni mwinamo, yaani milivolti ngapi zinabadilika kwa kila pH moja. Kwa nadharia ni 59.2 kwenye nyuzi 25 za Selsiasi, 58.2 kwenye nyuzi 20, na 54.2 kwenye nyuzi sifuri. Antimoni kwa kawaida hutoa pungufu kidogo ya nadharia, na hilo si kosa. Kwa hiyo kati ya bafa ya 4 na ya 7 tegemea tofauti ya milivolti kama 150 hadi 175. Ikishuka chini ya 135 hivi, yaani 45 kwa kila pH, elektrodi inahitaji kushughulikiwa.

Aliyezoea pH mita ya kioo atashangaa hapa. Elektrodi ya kioo huwa karibu na milivolti sifuri kwenye bafa ya 7. Ya antimoni haiko hivyo. Usihukumu kwa namba moja moja. Hukumu kwa tofauti kati ya bafa mbili.

Vyanzo vya kalibresheni kukataa, kwa mpangilio wa vinavyotokea sana:

Bafa yenyewe imeharibika. Ilimiminwa kikombeni jana, imekaa juu ya matairi kwenye jua, elektrodi imetoka kwenye ya 4 ikaingia ya 7 bila kuoshwa. Mimina kidogo kila asubuhi, tumia, mwaga. Usirudishe kwenye chupa hata siku moja. Kati ya bafa na bafa osha kwa maji safi na ukaushe kwa kugusisha kitambaa laini, bila kusugua.

Bafa si ya aina inayofaa. Hili wengi hawalijui: antimoni huingiliwa na sitrati, tatrati na oksalati, kwa sababu hizo hujiunga na metali yenyewe. Baadhi ya bafa za pH 4 sokoni hutengenezwa kwa sitrati. Kwa elektrodi ya kioo hazina shida, kwa antimoni zinaleta namba isiyo na maana. Soma lebo, ya fthalati ndiyo unayoitaka.

Joto limepishana mno. Chupa ikishinda ndani ya gari kwenye nyuzi 40 huku udongo wa vuli uko nyuzi 10, unakalibrisha kifaa cha hali moja ili kifanye kazi kwenye hali nyingine. Weka bafa kivulini, ikiwezekana kwenye sanduku lililogusa ardhi, saa moja kabla.

Umeikoroga. Elektrodi ya antimoni huhisi pia oksijeni iliyomo majini, kwa hiyo kuitikisatikisa ndani ya bafa hubadilisha namba kidogo. Iingize, iache itulie kwa dakika moja, soma.

Ncha imechakaa. Antimoni hupata ngozi nyeusi isiyo sawa na vishimo vidogo. Lowesha karatasi ya msasa laini, namba 600 au zaidi, sugua nayo ncha kidogo kwa mzunguko mpaka ing'ae sawasawa, ioshe, kisha iache ndani ya maji au bafa ya 4 kwa nusu saa kabla ya kukalibrisha tena. Ikitolewa tu kwenye msasa namba zake bado zinahama. Vaa glavu na fanya kazi hii ncha na msasa vikiwa vimelowa, kwa maana vumbi la antimoni ni sumu. Ncha yenye ufa au shimo linaloshika kucha, tupa.

Rejea imekauka au imeziba. Dalili yake ni namba inayotambaa upande mmoja bila kukoma, hata ndani ya bafa. Loweka usiku kucha kwenye mmumunyo wa potasiamu kloridi au bafa ya 4. Ikifufuka, sawa. Isipofufuka, nunua nyingine. Kinachoziua ni uzembe mdogo: mapumziko ya chakula cha mchana bila kofia, upepo wa Kansas ukivuma. Kila trekta inaposimama zaidi ya dakika chache, vika kofia zenye kimiminika. Wala usizihifadhi kwenye maji yaliyochujwa chumvi yote. Yananyonya chumvi ya rejea taratibu.

Namba inachelewa kutulia

Mzunguko uliokuwa sekunde 10 sasa ni 20, na kompyuta inarekodi kwa kuwa muda umekwisha tu, namba haijatulia. Ukiwa na udongo mkavu, ndiyo kawaida yake. Ukiwa na udongo wenye unyevu mzuri, elektrodi imechoka au imefunikwa na ganda, rudi juu.

Kuna athari ya pili ambayo haionekani kwenye skrini. Ukienda kilomita 8 kwa saa, unasafiri mita 2.2 kwa sekunde. Kwa mzunguko wa sekunde 10 vipimo vinatengana kwa mita 22. Na mistari yako ikiwa mita 18 kutoka mmoja hadi mwingine, kila kipimo kinawakilisha mita za mraba 400, yaani vipimo 25 kwa hekta. Mzunguko ukiwa sekunde 20, unabaki na 12 au 13. Ramani itachorwa vilevile, laini na ya kupendeza, kwa sababu programu hujaza nafasi. Punguza mwendo; kutegemea programu si ufumbuzi.

Hata hivyo, vipimo 12 kwa hekta bado ni vingi kuliko sampuli moja kwa ekari mbili na nusu, karibu hekta moja, ambayo ndiyo desturi ya wapimaji wengi wa mkono huko. Kwa hiyo usiache kazi kwa ajili ya hilo peke yake.

Kiatu hakijai, au kimeziba

Donge fupi linalofika nusu ya mfereji: kina hakitoshi, mdomo wa kiatu umelika, au mwendo ni mkubwa kiasi kwamba kiatu kinarukaruka. Pima kina halisi kwa kuchimba kwa mkono nyuma ya mashine. Namba iliyo kwenye mpini wa kurekebisha haina maana tairi likiwa limepungua upepo.

Mabua ya mahindi ni adui wa mashine hii kuliko mawe. Bua moja likikaa mdomoni, udongo unapita pembeni na mfereji unabaki na donge lilelile la mita 200 zilizopita. Elektrodi zitasoma donge hilo tena na tena, zikikubaliana vizuri kabisa, na hakuna onyo litakalotokea. Dalili pekee ni namba zinazobadilika kidogo mno huku udongo chini ya matairi ukibadilika rangi. Diski ya kukata mabua iliyoko mbele ya kiatu iwe na makali na iwe kwenye mstari mmoja na kiatu. Mabua yakiwa mengi na yameloa umande, subiri jua lipande, yakikauka hukatika. Shamba lililovunwa soya ni rahisi mno kulinganisha na la mahindi, na ukiwa na nafasi ya kuchagua, pima mwaka wa soya.

Mfinyanzi uliolowa hunata kwenye kuta za mfereji na donge jipya halisukumi la zamani. Safisha kwa kijiti cha mbao au plastiki, kamwe si bisibisi, maana mikwaruzo ndiyo inayoshika udongo wa kesho. Ukilazimika kusafisha kila baada ya mizunguko michache, shamba halijawa tayari.

Kiatu kinapanda polepole au hakishuki

Kwanza usalama. Kiatu hiki hushuka chenyewe, bila onyo, kompyuta inapoamua. Usiweke mkono chini yake mpaka mashine iko chini au imefungwa pini, injini imezimwa, na vishikio vya haidroliki vimesukumwa mbele na nyuma kutoa shinikizo. Ukitafuta mvujo, tumia kipande cha kadibodi. Mafuta yanayotoka kwenye tundu dogo la mpira hupenya ngozi, na jeraha hilo linalofanana na kuchomwa na mwiba linahitaji hospitali siku hiyohiyo.

Asubuhi ya baridi, mafuta mazito hufanya kiatu kiwe kizito. Acha mfumo uzunguke dakika kumi. Kikiendelea, kagua kapilingi (viungio vya mipira ya mafuta) kama zimeingia mpaka mwisho, kisha kiwango cha mtiririko kwenye trekta. Kilichobaki ni valvu ya solenoidi, yaani inayofunguliwa kwa umeme. Sikiliza mlio wake wa kubofya wakati kompyuta inapotoa amri. Ukibofya bila mwendo, kuna uchafu ndani ya valvu au hakuna shinikizo. Usipobofya, pima volti kwenye soketi yake: zikiwepo, koili imekufa, zisipokuwepo, fyuzi au waya.

Kiatu kikipanda vizuri lakini kompyuta ikadai hakijafika juu, tazama sensa ya ukaribu. Ina taa ndogo inayowaka chuma kikiwa karibu. Nafasi kati ya sensa na chuma ni milimita chache tu. Bolti ikilegea, inapotea.

Maji

Ncha zikibaki na udongo baada ya kuoshwa, kipimo kinachofuata kinachanganyika na kilichotangulia, na mipaka ya ramani inafifia. Kagua filta kwanza, pua pili, pampu mwisho. Pampu inayolia kwa sauti ya juu bila kutoa nguvu inanyonya hewa: tangi linaisha au mpira wa kunyonyea umelegea. Pua iliyoziba izibue kwa hewa au uzi wa brashi. Waya wa chuma utapanua tundu.

Maji ya kisima huko tambarare mara nyingi ni magumu, yana bikabonati, na pH yake iko juu ya 7. Kwenye udongo wa kichanga, ambao hauna nguvu ya kukataa mabadiliko, utando wa maji hayo unaweza kuinua namba. Maji ya mvua yaliyochujwa ni bora. Majira ya baridi, toa maji yote kwenye pampu, mipira na pua kila jioni. Usiku mmoja wa barafu unatosha kupasua pampu.

Ramani ina meno ya msumeno

Mipaka ya udongo inaonekana kwenda mbele kwenye mstari mmoja na kurudi nyuma kwenye mstari unaofuata. Hilo ni kosa la mahali, pH haihusiki. Umbali kati ya antena ya GPS na kiatu haujaingizwa, au umeingizwa kwa alama ya kinyume. Pima kwa futi ya utepe kutoka katikati ya antena hadi mdomo wa kiatu, trekta na mashine vikiwa vimenyooka. Kwa kujaribu, pita juu ya mpaka unaouona kwa macho mara mbili, kwenda na kurudi. Vipimo vya pande zote mbili vibadilike mahali pamoja.

Hakikisha pia kwamba kompyuta inarekodi mahali kiatu kilipokuwa udongoni. Ikirekodi pale namba ilipotulia, kwa sekunde 10 za kusubiri kosa lake ni zile mita 22 tulizohesabu.

Upitishaji umeme wa udongo unaonyesha sifuri au hasi

Mashine nyingi hupima upitishaji umeme kwa diski kwa wakati huohuo. Nyanyua mashine, osha na kausha diski. Kwa maltimita, kati ya diski na ncha ya waya wake upinzani uwe karibu na sifuri. Kati ya diski na fremu usiwepo mgusano kabisa. Diski inayogusana na fremu ina kihami kilichopasuka au tope lililojenga daraja. Namba hasi kwa kawaida ni waya zilizobadilishana au diski isiyoshika ardhi.

Ramani haifanani na maabara

Hapa ndipo ugomvi na mwenye shamba huanzia, na mara nyingi pande zote mbili ziko sahihi. Mashine inasoma udongo mbichi wa tabaka jembamba. Maabara inasoma udongo uliokaushwa, ukasagwa na kuchanganywa na maji. Kwa hiyo hakuna ramani ya kuagizia chokaa kabla ya kuchukua sampuli za maabara kwenye shamba hilohilo.

Chagua maeneo 5 hadi 10 ambako vipimo vya jirani vinafanana, yakiwa na pH ya chini, ya kati na ya juu. Kila eneo toa vishimo 6 hadi 8 ndani ya mita 5 kwa kina kilekile cha kiatu, changanya, peleka. Halafu linganisha. Tuseme mashine ilisoma 5.4, 5.9, 6.3, 6.6 na 7.0, na maabara ikarudisha 5.7, 6.1, 6.6, 6.8 na 7.3. Tofauti ni 0.3, 0.2, 0.3, 0.2, 0.3, wastani 0.26. Mashine ni nzima. Ongeza 0.26 kwenye vipimo vyote, umemaliza. Lakini tofauti zikija kama +0.6, −0.5, +0.1, −0.7, +0.5, wastani wake ni sifuri na hauna maana yoyote. Usisahihishe data hiyo. Tafuta chanzo kwenye sehemu zilizotangulia.

Ukikuta tofauti inayozidi kukua kadiri pH inavyoshuka, mwinamo wa kalibresheni ulikuwa mbaya siku hiyo.

Kabla ya hapo, uliza maabara imetumia nini. pH ya ndani ya kalsiamu kloridi huwa chini ya ile ya maji kwa karibu nusu ya pH, na huwezi kuchanganya matokeo ya njia mbili. Uliza pia kina. Kwenye shamba lisilolimwa kwa miaka mingi, mbolea ya naitrojeni inayomwagwa juu hutia asidi sentimita chache za juu, na chokaa iliyomwagwa juu huzipunguzia. Kiatu kinachokata sentimita 8 na sampuli ya maabara ya sentimita 15 hapo ni vitu viwili tofauti.

Jambo la kukumbusha kila mara: pH peke yake haisemi tani za chokaa. Mfinyanzi na kichanga vyenye 5.5 vyote viwili vinahitaji kiasi tofauti kabisa, kwa sababu mfinyanzi umehifadhi asidi nyingi zaidi. Ndiyo maana sampuli za maabara ziombewe pia pH ya bafa, kipimo cha asidi iliyohifadhiwa udongoni, na ndiyo maana ramani ya upitishaji umeme ina thamani: inaonyesha mfinyanzi uko wapi.

Mwenye ekari mbili za mahindi Trans Nzoia au Mbozi, ambako udongo wenye asidi ni jambo linalojulikana, hana haja ya mashine hii. Auga (kitoboleo cha udongo), ndoo safi ya plastiki na maabara vinamtosha, ila akitumia pH mita ya mkononi, yale ya kuosha, joto na usafi wa bafa yanamhusu neno kwa neno.

Kiraka kimoja cha ajabu

Katikati ya shamba la 5.6 kuna duara la 7.4. Usilifute kwa sababu halipendezi. Pita tena juu yake kwa kukata mistari ya kwanza. Likijitokeza palepale, ni la kweli: palimwagwa rundo la chokaa likisubiri kusambazwa, palikuwa zizi la ng'ombe, nyumba ya zamani iliyobomolewa, au kilima kilichomomonyoka mpaka tabaka lenye kalsiamu kabonati likatokeza.

Mistari myembamba inayojirudia kwa nafasi sawa ni habari nyingine. Amonia inayodungwa ardhini hupandisha pH ya mstari wake kwanza, kisha huishusha inapogeuka kuwa naitreti. Kiatu kikifuata mistari hiyo, mpito mzima unasoma mbolea. Pima kabla ya kudunga, au endesha kwa pembe inayokata mistari. Samadi ya maji na mbolea ya chumvi iliyomwagwa karibuni huvuruga vilevile. Ipe mvua nzuri moja au mbili iteremke, ndipo uingize mashine.